Papa, Tumekulilia Bila Kukuona

Papa wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile ulichonichekea siku zote: "Unasema sawa redio!" Cheka tu, leo nakuruhusu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifungua magazini, duka letu, asubuhi, wewe na mimi? Ulipima maharage huku ukiongea na wateja Kiswahili, Lingala na Kinande, vyote kwa pamoja, nami nikifunga mifuko. Ukitoka Butembo kurudi Kisangani na mizigo, lori lilipiga honi tangu kona, nami nilitoka mbio kukupokea. Safari ya mwisho, kwa sababu ya vita, halikufika. Walilikuta limechomwa porini, kando yake miili ambayo hakuna aliyeweza kuitambua. Wengine wakasema watu kadhaa walipelekwa msituni wakiwa hai. Ndipo tulipobaki, bila kujua kama u hai au umekufa.

Mama alikataa matanga. "Papa yenu hayakufa. Iko mu njia." Basi nyumbani hakuna aliyethubutu kulia. Mimi kila honi ikilia nilitoka mbio, kisha nikarudi nikamwaga maharage, hata kupima siwezi. Wateja walianza kunong'ona juu yangu.

Binamu yangu wa Kinshasa akanipa namba ya mwanasaikolojia anayetibu watu wazima kwa simu, mtu mmoja mmoja. Najua ungesema nini: kazi ya wazungu wasio na ndugu! Nami nilidhani hivyo. Lakini mwanasaikolojia huyo, kabla ya lolote, huuliza: uko wapi, uko peke yako, ukizidiwa nani wa karibu atakuja? Wala hana njia moja. Wiki hii alinifundisha kupumua honi ikilia, wiki nyingine tukalichambua wazo lililonikaa kichwani kwamba nikikulilia nakuua. Hata sala zangu hakuzidharau. Kisha akaniambia niweke kiti kitupu chumbani kana kwamba umekikalia, nikuambie yale ambayo sijakuambia.

Chumbani mtandao ukakatika. Nikatoa viti vitatu vya plastiki uani: changu, chako, na cha kuwekea simu. Nikampigia tena mwanasaikolojia, kisha nikaanza kuongea nawe, nikalia kwa sauti. Jamani, mimi mtoto wa Kisangani nilisahau vipi! Viti nje na binti analia, hapa kwetu huo ni msiba, hakuna anayeuliza. Majirani wakaingia, kila mtu na kiti chake. Tonton, yule mzee wa duka la pili, Mwislamu rafiki yako, tayari alikuwa anafunga turubai la matanga.

Mama akatoka kanisani, akakuta ua umejaa.

"Nani amewaita? Bon, mubebe viti yenu, murudie kwenu!"

Wakaondoka kwa aibu. Alibaki mmoja tu, bibi kizee wa nyumba ya nyuma, ambaye vita ya zamani ilimlia wanawe. Alikaa chini akiegemea ukuta.

"Niko nalilia wako na wangu pamoja," akasema. "Kama unaweza, unifukuze."

Mama hakuweza. Akakaa kando yake, akaliita jina lako mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo hiyo majirani wakarudi, na matanga yako yakawa.

Simu ilikuwa haijazimwa, mwanasaikolojia alisikia yote. Wiki iliyofuata akaniomba radhi: alipaswa kuniuliza kwanza kiti kina maana gani kwetu. Nikamuuliza, "Kwa hiyo amekufa?" Akasema, "Hilo sijui. Ninachojua, machozi hayaui mtu."

Sasa Mama amevaa nguo nyeusi. Mikono yangu imetulia, napima vizuri. Lakini usidhani nimepona, Papa. Nina hasira na vita hii, nina hasira na waliochoma lori bila hata kujua jina lako. Tena kuna asubuhi Mama ananitazama ananiuliza, "Na kama anarudi?" Nachukua ufunguo, naenda kufungua magazini.

Sijui nikuage vipi, kama mtu aliyekufa au kama mtu aliye njiani. Kama unapumua popote, rudi utugombeze: "Munanililia na mimi niko muzima?" Piga kelele mtaa mzima usikie. Hakuna kitu ninachokitamani kama kugombezwa na wewe. Na kama hupumui, Papa, lala. Tumelia.

Ni mimi, binti yako mkubwa.