Swali la Bwana Shauri

Machame, 4 Mei 1953

Kaka Efraimu,

Shikamoo. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu. Huko Tarakea hali ikoje? Magunia ya dukani yasikuvunje mgongo.

Kaka, siwezi kutulia! Leo Bwana Shauri, mzungu wa serikali wa wilaya, amekuja shuleni akatutaka walimu tuandike insha: asili ya ugaidi ni nini? Ni kwa ajili ya mambo ya Kenya. Wenzangu wameandika pombe na uvivu. Mimi nimeandika jinsi yule setla wa kizungu alivyong'oa masale yaliyopandwa mpakani mwa kihamba chetu, shamba la ukoo, akapanda kahawa juu ya kaburi la babu, na barua tatu za baba zisijibiwe hadi akafa. Kurasa nne! Hatimaye wameuliza wenyewe!

Mdogo wako,
Eunike

Tarakea, 11 Mei 1953

Mdogo wangu Eunike,

Marahaba. Mgongo ungalipo.

Unanichekesha, mwalimu. Baba aliandika kwa adabu, akapata nini? Mimi na Eliezeri, mwenzangu wa dukani, tuna debe la mafuta ya taa. Jibu letu litasomeka Jumamosi ya tarehe 23, kwenye ghala la kahawa la yule mzungu. Choma barua hii.

Kaka yako,
Efraimu

Machame, 15 Mei 1953

Kaka,

Shikamoo. Afya yako nitaiuliza moyo ukitulia.

Mlinzi wa ghala tangu mwezi huu ni Mjomba Primus. Hulala humo humo, juu ya magunia. Ukichoma, nikiulizwa tena asili ya ugaidi nitaandika jina la setla, halafu lako.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale, nimelifunga fundo kama wafanyavyo wazee wakiomba msamaha. Unajua halikataliwi.

Eunike wako

Tarakea, 20 Mei 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Isale limefika limenyauka. Nililitupa uani, kisha nikalifuata. Wewe mtoto, isale hupelekwa na mkosaji! Umekosa nini wewe? Unamwombea msamaha mzungu asiyejua hata jina la jani?

Eliezeri alicheka: "Dada yako amekufunga kama mbuzi!" Nilipomtajia Primus, akalifungua debe mwenyewe. Mafuta tumewagawia majirani.

Insha imejibiwaje?

Kaka yako,
Efraimu

Moshi, 5 Juni 1953

Mdogo wangu Eunike,

Hujambo? Wanakulisha? Niliona kimya, nikaja. Mama akanieleza kuwa askari walikuchukua kwa zile kurasa nne.

Naandikia hapa nje ya boma walimokufungia, goti ndilo meza. Tuko ishirini na watatu, ndugu na majirani, kila mmoja na insha yake ya lile swali! Wasiojua kuandika nimewaandikia mimi tangu alfajiri. Mjomba Primus amefika ukurasa wa sita, hataki kukoma.

Karani ametoka akasema, "Swali lilikuwa la walimu." Mama akamjibu, "Mwanangu, sisi tumechelewa kusoma. Tupokelee tu."

Ameingia ndani, ametoka tena. Bwana Shauri anataka tusome kwa sauti! Eliezeri ndiye wa kwanza, amekwisha kukunjua karatasi yake. Barua hii nampa askari akuletee sasa hivi; sogea dirishani, utusikie.

Kaka yako,
Efraimu