Kipepeo Chini ya Kofia

Novosibirsk, 20 Juni 1999

Dada yangu Salkynai,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ni mgongo tu unaolalamika kwa kubeba mbao. Wewe hujambo? Wanao je? Na Baba, kifua chake kinaendeleaje?

Nina ombi. Bosi wetu hapa, Arkadi Lvovich, ana wazimu wa vipepeo, ukuta mzima wa sebule yake umejaa waliokaushwa. Aliposikia kwetu ni milima ya Alay alinishika mkono utadhani tumezaliwa tumbo moja. Anamtaka yule mweupe wa kwenye mawe ya juu. Si wenye madoa mekundu, hao anao. Anamtaka mwenye madoa ya buluu kwenye mbawa za nyuma. Akimpata atanisimamia nipate kibali cha kuishi hapa Urusi. Dada, miaka mitatu nawakwepa polisi, na nyumbani siwezi kuja, maana nikitoka sirudi tena. Baba aliwabebea wataalamu wa wadudu nyavu zao enzi zile, anajua vipepeo hao wanaruka wapi. Mwombe. Asipande mwenyewe, amwelekeze mtu tu.

Mdogo wako,
Ermek

Malishoni, Alay, 9 Julai

Mdogo wangu Ermek,

Waaleikum salaam. Sote wazima, Mungu ashukuriwe. Kondoo wamenenepa, na maziwa ya farasi mwaka huu yamechacha vizuri, ungekuwepo ungelewa.

"Amwelekeze mtu," unasema. Umemsahau baba yako? Sijamaliza kumsomea barua, kashasimama anatafuta mti wa wavu. Wavu wenyewe ameushona kwa pazia langu, bila kuniuliza. Nikamwambia, "Baba, mlima ule unawashinda hata mbuzi." Akanijibu, "Mbuzi hana mtoto Novosibirsk."

Kila asubuhi anapanda na farasi mpaka nyasi zinapoishia, halafu anaendelea kwa miguu kwenye mawe yale yanayoteleza. Wingu likipita vipepeo wote wanatua, basi naye anakaa anasubiri jua huku anakohoa. Jioni anarudi na wenye madoa mekundu. "Hawa ni wa kila mtu," anasema, anawaachia waende zao. Usiku hasinzii kabla hajanieleza bonde lipi atakwenda kesho. Sijamwona na furaha hivi tangu mama atutoke, ndiyo maana simzuii. Lakini silipendi jambo hili, nakuambia wazi.

Dada yako,
Salkynai

Novosibirsk, 28 Julai

Dada,

Salaam nyingi, na pole kwa pazia. Barua yako nimewasomea wenzangu kambini, wamecheka mpaka wakashika mbavu. Sasa Baba wanamwita Mzee wa Wavu.

Wiki jana polisi walivamia. Nilijificha ndani ya tangi la maji, nikatoka meno yanagongana. Arkadi Lvovich anasema atasubiri mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo anasafiri. Mwambie mzee aache kulala juu ya mawe huko, avizie kama mwindaji. Mwambie mwanawe hana mwingine wa kumtegemea. Ni utani, lakini msisitizie.

Mdogo wako,
Ermek

Alay, 16 Agosti

Ermek,

Salaam. Barua yako tumeipata. Huku baridi imewahi mwaka huu.

Kipepeo wako huyu hapa, yumo kwenye karatasi, nimembana kati ya kadibodi mbili. Ana madoa ya buluu, kama ulivyotaka. Mpe huyo mtu, upate kibali chako. Mjomba Toktobai anakusalimu. Sina mengi.

Dada yako,
Salkynai

Novosibirsk, 1 Septemba

Dada yangu mpenzi,

Hamjambo wote? Mimi leo sijui hata niseme mimi nani. Kibali nimekipata! Bosi alipofungua karatasi alinikumbatia, na kesho yake akanipeleka mwenyewe ofisini, nikapigiwa muhuri. Nimepita mbele ya polisi wawili makusudi, polepole, nikawasalimu.

Ila ncha ya bawa moja imevunjika. Karatasi ilikunjwa vibaya, na Baba akikunja karatasi yake ya pembetatu, kama alivyofunzwa na wataalamu wale, hata uitupe mtoni haifunguki. Nikajiuliza, mkono unamuuma? Halafu nikajijibu mwenyewe: amekunja Salkynai, yule ambaye hata akikunja nyama kwenye unga, manti zake hufunguka sufuriani.

Sasa siri. Tarehe kumi na moja napanda treni. Barua hii ikikufikia nami niko njiani. Nimemnunulia Baba viatu vya ngozi, vyenye manyoya ndani. Usimwambie kitu. Nataka niingie uani nikiimba, nimkute amekaa mlangoni.

Mdogo wako,
Ermek

Alay, 14 Septemba
Kwa mkono wa Begaim, muuza chai, kituo cha basi, Osh

Ermek, mdogo wangu,

Hii nimempa dereva amfikishie Begaim, kwa sababu najua hupiti Osh bila kunywa chai kwake. Kaa kwanza. Unywe.

Kwetu jambo hili haliandikwi kwenye barua, wala hasemi mwanamke. Husema mtu mzima, uso kwa uso, taratibu. Ndiyo maana baada ya arobaini wazee walimtuma Mjomba Toktobai kwako. Sasa yeye anakwenda na wewe unakuja, huenda treni zenu zimepishana. Siwezi kukuacha uingie uani ukiimba.

Baba amefariki. Alifia juu kwenye mawe, mwisho wa Julai. Barua yako ya kusema asilale ilifika tumeshamzika.

Tulimkuta ameegemea mwamba, kichwa wazi. Kofia yake nyeupe ilikuwa chini, imewekewa jiwe pembeni. Kofia ya Baba haikuwahi kugusa ardhi, hata siku ile alipolewa kwenye harusi yangu, kwa hiyo nikajua kuna kitu. Nikainua ukingo kidogo. Kipepeo alikuwa hai, anatembea, na madoa yake ya buluu. Nilimuua mimi. Nikamkunja mimi, vibaya, kama manti zangu.

Nimekulaumu, Ermek. Bado nakulaumu, labda nikikuona nitaacha. Siku ya mazishi hapakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama mlangoni na fimbo kuwapokea waliokuja kulia. Alisimama mume wangu.

Sasa nisikilize. Viatu vifiche chini kabisa ya begi. Basi usisubiri lifike nyumbani, shuka darajani. Nitakuwa nimekaa pale, leo na kesho na keshokutwa, nimevaa nyeusi. Kutoka hapo utalia kwa sauti mpaka nyumbani, "Baba yangu, Baba yangu," kama mwanamume anavyoingia kwenye msiba wa baba yake, kijiji kizima kisikie. Sauti isipotoka usione haya, tutasimama mpaka itoke.

Nitakuja na fimbo. Wewe utaishika, begi nitabeba mimi.

Dada yako,
Salkynai