Mbuzi Wanakuja, Nani Atawachunga?

Shikamoo Mama Agnetha,

Naomba unisaidie mawazo, kichwa changu kimegoma. Mimi ni Philomena, afisa wa shirika dogo hapa Segese, na wiki ijayo tunawagawia mbuzi mabibi wanaolea wajukuu, mradi nimeupanga mwenyewe, banda, chanjo, dawa ya minyoo, na nilikuwa najisifu kweli, hadi juzi nilipopita kwa Bibi Mageni kukagua banda nikamtania kama ataweza kukimbizana nao, akacheka mpaka akashika kiuno, "We Philomena, nichunge mimi na magoti haya? Si Mbuke yupo!" na Mbuke ni mjukuu wake, yuko darasa la nne, alikuwa amesimama pale pale anatabasamu, mbuzi hajamwona lakini jina ameshampa, Kalunde, na Mama, malisho yaliyobaki huku ni kule kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa na wachimbaji, nyasi zimefunika midomo yake, hujui unakanyaga nini. Nimemweleza bosi wangu, Edson, anasema watoto wa Kisukuma wamechunga tangu enzi na enzi, nisiwaharibie mabibi bahati yao. Nikisimamisha ugawaji watanichukia, nikinyamaza silali. Nifanyeje?

Philomena, Segese

Marahaba mwanangu,

Pole, ila lazima nikuseme. Mbuzi umewapangia mpaka dawa ya minyoo, Mbuke hukumpangia hata swali moja! Umekulia huku, unajua fika kwamba mfugo ukiingia nyumbani, fimbo anakabidhiwa mtoto. Umelizoea jambo hilo mpaka hulioni. Na huyo Edson mwambie enzi hizo mbuga haikuwa na mashimo.

Sasa sikiliza. Ugawaji usogeze mbele. Waite mabibi uwaambie ukweli bila kuzunguka. Mbuzi wakae bandani wakatiwe majani, au wachague mtu mzima mmoja awachunge wote, ujira wake utoke kwenye mradi, na mwenyekiti wa kitongoji amwonyeshe maduara yalipo. Ikishindikana, wape kuku. Watanuna, kisha watazoea.

Edson akiendelea kubisha, nenda naye kwa Bibi Mageni, mmuulize Mbuke: Kalunde akikimbilia kwenye maduara, utafanyaje? Hatafikiri mara mbili, kwa sababu anampenda. Atawaambia, "Nitamfuata."