Makofi Tunayompigia Mgeni

“Watu wa huku hawana shida; wakipiga makofi, wamekubali.” Hayo, mjukuu wangu Neema, ni maneno uliyoninukulia ya ofisa atakayeongoza mkutano wa Jumamosi kuhusu stendi mpya ya mabasi hapa Mbulu, na si kweli hata kidogo. Marahaba, shikamoo ya barua yako nimeipata. Babu yako mzima, ng'ombe wanashiba, ila mdogo wako Upendo bado anabanwa na kifua.

Unaniuliza ninaogopa nini. Nilipokuwa msichana kule Tumati, mgeni alikuja kutueleza kwamba malori yataegeshwa chini ya madirisha ya shule. Mama akaninong'oneza, “Moshi wote utaingia darasani.”

“Si useme, mama!”

Akanifinya. “Mgeni hakatishwi maneno. Piga makofi aende salama.”

Tukampigia kwa nguvu. Akaondoka anatabasamu, malori yakaja. Vikohozi vya mwaka ule sitavisimulia.

Sasa stendi inaletwa kwenye ukuta wa zahanati, pale pale tunapomkimbiza Upendo akikosa pumzi. Jumamosi mimi nitasimama niseme, lakini sauti moja itazidi vipi makofi ya mkutano mzima? Naijua mikono yetu, na ndiyo ninayoiogopa.

Wewe na wanachuo wenzako mtakaokuja na ofisa huyo kujifunza mipango miji, nawadai hili: makofi yakiisha, msifunge mkutano. Mfuateni mama aliyekaa nyuma na mtoto anayekohoa, mumuulize stendi ikae wapi, kisha mnyamaze mpaka ajibu.