Uso wa Mama Mkubwa Kwenye Kaburi la Mama

Kaka yangu Gaudensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umeshakula na goti lako limekuacha ulale. Wifi Sabina hajambo? Ufuta wa Nambilanje mmeshaukung'uta? Mimi huku Geita nipo, nawapikia wachimbaji. Mwili ni mzima, moyo bado.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ile haikutufaa. Wewe ulipiga kelele, mimi nikalia, salio likaisha. Bado nakusikia: "Leonia, umemzika mama mkubwa mzima mzima!" Halafu mama mkubwa mwenyewe akasema nyuma yako, "Mwache mtoto. Na nyie msinisalimie tena, marehemu hasalimiwi." Watu wakacheka. Mimi huku sikuweza kucheka, kaka.

Usimgombeze Sabina. Mimi ndiye niliyemwambia, "Wifi, picha ya mama ipeleke kwa fundi Ruangwa, aitie kwenye kigae cha duara, kisha akaijengee kaburini." Wewe ulikuwa shambani, nami nilidhani kwako haikosi picha yake. Sabina aliolewa mama akiwa tayari ardhini, hakuwahi kumwona. Ukutani kwako pana picha moja tu, ya mama mkubwa Bernadeta alipokuwa msichana, na sasa ni bibi asiye na meno, nani angemtambua? Sabina akamwonyesha mama mkubwa mwenyewe picha hiyo, akamwuliza, "Huyu ndiye mama yao kina Gaudensi?" Naye akajibu, "Ndiye, kwani wana mwingine?" Hakudanganya. Kwetu dada wa mama ni mama, na tangu tumzike mama hatuna mwingine.

Uliniuliza kigae cha nini, wakati msalaba wa mti upo. Simu ilikatika sijakujibu.

Unakumbuka Nachingwea tulipokuwa watoto, njia yetu ya kwenda kuteka maji? Ilipita kwenye makaburi ya Wazungu wa karanga, wale waliokuja kuzilima enzi za mkoloni. Baba alikuwa akituonyesha tuta la reli na kusema hapa palikuwa mji, na taa, na muziki wa Jumamosi. Sisi tuliona misingi ya nyumba na majani tu. Ila yule mwanamke wa Kizungu alikuwapo kaburini kwake, picha yake kwenye kigae cha duara kilichojengewa katika jiwe, nywele kazibana, anatutazama. Wewe ulikuwa ukimpa shikamoo. Ulisema ni mkubwa, tukipita kimya ndoo zitapasuka. Mama akatua ndoo yake, akalowesha pembe ya khanga, akamfuta vumbi usoni. "Huyu hana mtu," alisema. Kila tulipopita alimfuta. Siku moja akacheka, akasema, "Mimi nikifa mtafuta nini? Majani?"

Neno lile nimekaa nalo miaka yote. Alipokufa nilikuwa bado ndani ya basi, na nilipofika mlikuwa mmeshatandua matanga. Sikumwona uso. Nikasema basi angalau nimwekee kitu cha kufuta.

Yule Mzungu alikaa kwetu misimu michache. Karanga zikawashinda, reli ikang'olewa, matofali watu wakajengea vyoo. Hakuna anayelijua jina lake, na uso anao. Mama amelima ardhi ile mpaka mgongo ukapinda, na kumbe hakuna mpiga picha aliyewahi kumwambia simama hapo. Picha ninayo moja. Ni mimi siku ya komunyo ya kwanza, na mama ni mkono begani kwangu, umeishia kwenye kiwiko. Ukucha wa kidole gumba una ule ufa wa jembe. Hiyo siwezi kumpa fundi. Na kaka, uso wake unanitoka. Naukumbuka unga kwenye nyusi zake. Macho yenyewe yananipotea.

Huku nako wanaanza kuhama. Mashimo hayatoi dhahabu tena, vibanda vinavuliwa mabati, wanaokuja kula wanapungua. Nikifa hapa sijui nani atajua nilikuwa na sura gani.

Umesema Jumapili baada ya misa utakwenda na nyundo. Nakuomba usipige nyundo. Ule ni uso wa mtu aliye hai, na ndiye mama tuliyebaki naye. Chukua tindo, kitoe polepole, umpelekee mama mkubwa akiweke mwenyewe. Najua atasema amefufuka.

Pale kitakapotoka patabaki shimo la duara kwenye saruji. Usilizibe.

Nisalimie wifi Sabina, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie katekista aliyemwombea mama, na jirani yetu Mama Zuhura aliyemwosha, maana yeye alimwona mara ya mwisho. Mama mkubwa mpe shikamoo yangu, hata akikataa kuitika.

Na ukienda kaburini, kaka, lowesha kitambaa, upafute pale patupu. Taratibu, kama alivyokuwa akifuta yeye.

Mdogo wako,
Leonia