Msiguse Bomba la Kutawadhia

Mama Sudi,

Msiguse bomba jipya, tawadheni kwa ndoo. Fundi bomba anakuja saa nne. Ni yule niliyemkataa juzi nikijidai naweza kulifunga mwenyewe. Akicheka, mwache acheke.

Jana jioni lilivuja, nikapaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye maungio, kama marehemu baba alivyopaka mtumbwi wake. Alfajiri mama mkwe wangu akalishika, mafuta yale yakambabua viganja. Akadhani ni sabuni uliyonunua, akakugombeza mbele ya watoto. Nilikuwa pale pale.

~~Mwambie huenda kweli ni sabuni.~~

Nimeenda kumtafutia dawa, na kusema kweli nimekimbia pia. Msomee karatasi hii yote. Usiruke pale niliponyamaza.

Baba Sudi