Mstari wa Chupa ya Buluu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Garsen. Kliniki moja ya binafsi imepata mashine ya kupima kuganda kwa damu. Mhariri anataka habari na picha. Nabil wa maabara, mtu wa Kipini, alinieleza polepole: anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo hapigwi sindano ya kuzuia damu kuganda kabla haijajulikana damu yake inaganda kwa sekunde ngapi. Chupa ni ile ya kifuniko cha buluu. Ndani mna dawa ya kiasi maalumu, ya kuzuia damu isigande njiani. Damu ifike kwenye mstari; ikipungua, dawa inazidi na jibu ni uongo.

Na ikija nusu?

Naitupa, akasema. Sina huruma na nusu.

Nimemnukuu. Safi.

Jumanne, 10 Juni

Bahati ya mwandishi – mgonjwa kaja mwenyewe, saa tatu asubuhi. Dzombo, mkulima wa Idsowe, miaka hamsini na mbili. Kifua kinambana tangu alfajiri. Jasho kama aliyetolewa mtoni.

Stacy, muuguzi, alipochoma tu, Kadii mkewe akaanza: Kidogo, mwanangu. Shemeji yangu Gunga walimtoa damu chupa tatu, kesho yake tukamzika. Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja: Mama, waachie, wanaenda kuungia mchuzi! Stacy akamhurumia. Akachomoa sindano mapema.

Nabil aliipokea chupa, akasita. Nikamwambia: inua hapo kwenye mwanga, endelea. Akaendelea. Picha kumi na nne.

Jibu: kuganda kumechukua mara tatu ya muda wa kawaida. Daktari Chande alilisoma amesimama. Nikimpiga sindano atavuja damu kichwani, akasema. Hapati. Tungoje gari la kumpeleka hospitali ya Malindi. Kadii akauliza damu ya mumewe imekosa nini.

Mzee yule yule: Muulize alikuwa akiiweka wapi.

Foleni ikacheka tena. Na mimi.

Jumatano, 11 Juni

Gari halijafika. Dzombo yu hai, midomo rangi ya jivu. Kadii anamwambia kila apitaye: bila mimi wangemkausha.

Saa nne nilimtumia mhariri picha ya tisa. Ndipo nikaikuza. Uso wa Nabil. Chupa. Mstari. Damu imeishia nusu – mtu yeyote anaona.

Nikampelekea Nabil simu. Futa, akasema. Kisha: Usifute. Akaenda kwa Chande mwenyewe. Kipimo kirudiwe, safari hii chupa ijae. Sindano ya kuzuia kuganda imeshawekwa kwenye trei, inangoja jibu.

Kadii aliona kifuniko cha buluu tu. Kaulalia mkono wa mumewe kwa kifua chake chote. Jana mlichukua mkasema mbovu, leo mnaitakia nini? Mkono wa pili una dripu, umevimba. Chande: Mtoeni huyu mama! Hakuna aliyemgusa.

Nikamweleza. Kwa Kiswahili chepesi, mara mbili: jana ilikuwa pungufu, ndiyo maana jibu likawa uongo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema: Kwa hiyo aliyemnyima dawa ni mimi?

Simu ya mhariri: picha ya tisa ni nzuri, inatoka saa saba. Huyo mgonjwa kapona?

Dzombo anapumua kwa kuhesabika. Nabil ameshika chupa, mstari umenielekea. Kadii hajautoa mkono. Ananitazama mimi, si wao. Dada, nijibu. Ni mimi?

Nikisema ndiyo, hatautoa. Nikisema hapana, itabidi nimwambie nani alisema endelea.